Michungwa Tuliyoigawa Mishamo

Morogoro, 12 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, kifua kilichonisumbua mwezi wa tisa kimepona, na chakula cha chuo nimeshakizoea. Nyie hapo hamjambo? Mguu wako unaendeleaje? Mvua imeshafungua?

Utashangaa kuona barua wakati tuliongea kwa simu Jumapili. Lakini unajua mwenyewe simu yako inashika mtandao pale juu ya kichuguu tu, na kila anayepita lazima asimame asikilize. Hili nataka ulisome peke yako. Nampa kondakta wa basi la Mpanda, atamwachia Osward wa bodaboda akuletee.

Baba, ile miche ya michungwa tuliyobebesha mwaka jana mwezi wa nane, usiitoe kwanza. Hata mmoja. Najua umewaahidi majirani kuwagawia mvua ikianza. Waambie wasubiri nije likizo ya mwezi wa pili. Kuna jambo tumefundishwa wiki hii kuhusu vikonyo, vile vijiti nilivyokuja navyo nikaviunganisha kwenye milimau yako. Nataka nihakikishe. Labda si kitu.

Niambie pia mti wa nyuma ya jiko, ule wa kwanza tuliobebesha, una majani gani. Kuna lolote lenye manjano? Na manjano hayo yanafanana pande zote mbili za jani, au upande mmoja una mabaka na mwingine hauna?

Masomo yanakwenda vizuri. Ile ndoto yangu ya kufungua kitalu hapo Mishamo, cha matunda yanayokua bila kumwagiwa sumu kila wiki, haijaniacha. Naiota hata nikiwa kwenye foleni ya uji.

Nijibu haraka, Baba.

Binti yako,
Scolastica


Mishamo, 3 Desemba 2023

Mwananje Scolastica, mwanangu,

Amahoro. Amani iwe kwako, na nashukuru kifua kimepona. Sisi tupo. Mguu unauma asubuhi, jua likipanda unanyamaza. Mvua imefungua kwa hasira mwaka huu, mto ulikata barabara, barua yako ikalala Mpanda wiki nzima.

Imenikuta miche imeshatoka. Yote. Nimeigawa katika zile nyumba kumi na nne zilizosimama na sisi wakati wa kumzika mama yako. Nani mwingine ningempa kwanza? Makarius, aliyempakia mama yako kwenye baiskeli akamsukuma hadi zahanati mvua ikimnyeshea, nimempa arobaini. Aling'oa mihogo yake nusu eka ikiwa bado michanga, apate pa kuipanda. Shangazi yako Épiphanie nimempa sita, anaimwagilia kama watoto wachanga.

Wewe ulisema vikonyo vimetoka chuoni na vimekaguliwa. Na mimi nikawaambia watu hivyo hivyo: "Hii miche imesoma kuliko mimi." Watu wakacheka, wakapanda. Leo unaniambia nisiitoe. Kwa nini?

Umeuliza majani. Mti wa nyuma ya jiko una manjano kidogo. Nimeuwekea majivu na samadi. Si kila manjano ni ugonjwa.

Nikukumbushe kitu. Miaka ile sisi wakimbizi tulipoambiwa tutahamishwa, wewe ulikuwa mdogo. Hakuna aliyepanda mti hapa. Utapandaje mti wa miaka thelathini kwenye ardhi ambayo hujui kama mwakani utakuwa juu yake? Tulilima mahindi na maharage, vitu vya kuvuna na kuondoka. Siku nilipopewa karatasi ya uraia niliikunja, nikaiweka sandukuni, nikaenda kutafuta mbegu za milimau. Kwa hiyo ukiniandikia "usi" juu ya miti yangu, uniandikie na sababu.

Baba yako,
Rénovat


Morogoro, 20 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo, na pole ya mguu. Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Sababu ni hii. Kuna ugonjwa wa michungwa ambao hauna dawa. Jani linapata manjano ya mabaka, upande mmoja wa mshipa haufanani na mwingine. Jani lenye njaa ya mbolea haliwi hivyo, lenyewe linageuka manjano sawasawa pande zote. Tunda linadumaa, linapinda, linabaki kijani upande wa chini, na ukilionja ni chungu. Halafu mti unakufa polepole, mwaka baada ya mwaka. Unapita njia mbili: kwa kikonyo kilichokatwa kwenye mti mgonjwa, na kwa kidudu kidogo kama punje ya ufuta ambacho kinafyonza mti huu kisha kinarukia ule. Kwa hiyo mti wako ukiugua, hauugui peke yake. Na majivu hayausaidii kitu.

Madam Klementina, mwalimu wetu wa matunda, amekubali kupeleka majani maabara. Chuma ishirini kwenye mti wa nyuma ya jiko, yale yenye manjano. Yafunge kwenye gazeti kavu, uyatie kwenye bahasha ya kaki. Usitumie mfuko wa nailoni, yataoza.

Usimwambie mtu kwanza. Tusiwatie watu hofu bure.

Binti yako,
Scolastica


Mishamo, 14 Januari 2024

Scolastica,

Salamu. Hapa wazima.

Majani ndiyo hayo. Nimeyachuma mwenyewe umande ulipokauka. Makarius alipita nikiwa nafunga bahasha, akauliza, "Unamtumia binti mboga?" Nikamwambia ndiyo. Sijawahi kumdanganya Makarius.

Hujanijibu kuhusu vikonyo vya chuo.

Baba yako


Morogoro, 26 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo! Shikamoo tena na tena! Sijui wewe umeamkaje, mimi nimeamka nikiimba, wenzangu wa chumbani wakadhani nina malaria.

Majibu yametoka. Hakuna ugonjwa. Madam Klementina alinisomea karatasi mwenyewe: majani ni safi. Miezi mitatu nimekuwa nakula kama mtu anayetafuna mchanga, na jana nimekula sahani mbili za wali.

Likizo sitakuja, nimepangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la maparachichi. Tutajifunza kufunika udongo kwa nyasi ili maji yasipotee, na kuwaacha wadudu rafiki wawale wadudu waharibifu. Nikirudi tutafanya hivyo kwenye shamba letu lote.

Endelea na samadi. Majivu punguza. Msalimie shangazi Épiphanie, na Makarius mwambie mihogo yake haikung'olewa bure.

Binti yako mwenye furaha,
Scolastica


Morogoro, 2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Nimeandika mara mbili tangu Machi hukujibu, na kwa simu unaniambia "mtandao mbaya" halafu unakata. Mimi ni mzima wa mwili.

Ijumaa Makarius amenitumia picha. Ana simu ya kupangusa sasa, aliyoletewa na kaka yake. Ameandika hivi: "Mwalimu wetu, hebu angalia miche yangu. Wewe ndiwe uliyesoma. Inataka mbolea gani?" Picha kumi na moja. Nimezikuza mpaka macho yakauma. Mabaka, Baba. Upande mmoja wa mshipa manjano, upande mwingine kijani. Kwenye kila picha.

Sijamjibu. Ameona kwamba nimeziona, na sijamjibu.

Nilirudi kwa Madam Klementina nikamwomba anionyeshe majani yaliyobaki kwenye bahasha yako. Alikuwa ameyahifadhi. Jani la mchungwa wetu, ule niliobebesha, nalifahamu: jani ni refu, ncha imechongoka. Majani ya bahasha ni mapana na ya mviringo. Wakati ule sikuyatazama hata kidogo. Niliipeleka bahasha ikiwa imefungwa, kwa sababu niliogopa.

Yalitoka mti gani?

Kabla hujanijibu, na mimi nina la kusema, na bora ulisome kwa mwandiko wangu kuliko ulisikie kwa mtu. Vikonyo havikutoka chuoni. Havikukaguliwa na mtu yeyote. Tulikwenda ziara ya mafunzo, tukapita kwenye shamba la mzee mmoja lenye michungwa iliyobeba mpaka matawi yanagusa chini. Wenzangu walipokwenda kunywa maji, nikachomoa kisu. Nilikata vikonyo sitini, nikavizungushia gazeti lililoloana, nikavificha chini ya kanga kwenye begi, nikapanda basi la kuja nyumbani. Nilikuwa mwaka wa kwanza. Nilitaka ufike msimu uone kwamba ng'ombe uliyemuuza nisome hakwenda bure. Ulipouliza vimetoka wapi, neno "chuoni" likatoka lenyewe. Na ulipoliuliza tena kwenye barua, mara mbili, nilijifanya sijaliona.

Ni mimi niliyeuleta, Baba. Ila sasa upo kwenye mashamba kumi na nne.

Nijibu.

Scolastica, binti yako


Mishamo, 23 Juni 2024

Scolastica,

Sikuulizi hali yako. Nitaiuliza nikimaliza.

Majani yalitoka kwenye mchungwa wa kanisani, ule wa zamani wa mapadri. Nilitembea nusu saa kwa mguu huu mbovu kwenda kuyachuma. Sasa umejua.

Nilikuwa nimekwenda nyuma ya jiko kwanza, nimeshika bahasha. Nikatazama mti. Ulikuwa umetoa maua ya kwanza. Nikajiambia, nikiyatuma haya, karatasi itarudi na neno la kukata. Nisipoyatuma, karatasi haiwezi kusema kitu. Nimeishi miaka mingi nikisubiri karatasi ziseme nikae au niondoke. Hiyo moja niliamua kuiandika mwenyewe.

Kwa hiyo wewe umedanganya kwanza na mimi nimedanganya baadaye. Tumelingana.

Sasa sikiliza, maana mimi bado ni baba yako. Usimwambie mtu. Miti inaweza kupona, hata watu wanapona wasiotarajiwa kupona. Ukisema, hawatasema "mwanafunzi amekosea". Watasema nyumba ya Rénovat imeleta sumu, imewapa watu badala ya shukrani. Makarius atajua kwamba nilimdanganya akiwa amesimama mlangoni kwangu. Na nitaishi na nani hapa? Huko tulikotoka simjui mtu. Nilikuja nimebebwa mgongoni.

Mjibu Makarius. Mwambie aweke samadi.

Haya, sasa hujambo?

Baba yako


Morogoro, 7 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ingawa silali vizuri. Wewe mguu vipi?

Sikumwambia Makarius aweke samadi. Nilijaribu. Niliandika ujumbe nikaufuta mara nne. Ningemwambia aweke samadi angeiweka, Baba, angeisomba kwa baiskeli ile ile.

Jumatano nimekwenda kwa Madam Klementina nikamweleza yote, kuanzia kisu mpaka mti wa kanisani. Hakunifokea. Aliondoa miwani akauliza, "Tangu lini umejua?" Nikamwambia kwa hakika tangu Mei mwishoni, kwa moyo tangu Novemba. Akasema, "Basi huo ugonjwa umeupa miezi minane."

Nitaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Wanaweza kunisimamisha, wanaweza kunifukuza. Na taarifa imekwenda kwa watu wa kilimo. Maofisa watatoka Mpanda kuja Mishamo Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa. Watakagua mashamba yote kumi na nne. Nimewaandikia majina mimi.

Najua ulinikataza. Najua nimekuvunjia heshima, na sijawahi kufanya hivyo tangu nizaliwe. Lakini kidudu kile hakisubiri sisi wawili tuelewane. Kikivuka kwenda Kabungu, kikafika Mwamkulu wanakouza machungwa mjini, nitakuwa nimesomea kuua kitu kile kile nilichosema nakipenda.

Nakuomba jambo moja tu. Usiache majirani wayasikie kwa maofisa kwanza. Wayasikie kutoka kwako. Una majuma matatu. Osward ameniahidi kukufikishia barua hii siku ile ile itakapofika Mpanda.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, waambie hivyo hivyo.

Binti yako,
Scolastica


Morogoro, 4 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama uko salama. Ndilo ninalouliza kwanza na ndilo la maana kuliko yote.

Majuma manne sina neno kutoka kwako. Simu haipatikani. Makarius haonyeshi kusoma ujumbe wangu. Osward anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua, ukamwambia ahsante. Kwa ratiba yao, maofisa wameshafika. Hapa hakuna anayejua walikuta nini.

Kamati imekaa. Nimesimamishwa mwaka mmoja. Nikirudi nitaanza upya somo la matunda, kwa barua ya uthibitisho kwamba mashamba yamesafishwa. Sikulia mbele yao.

Nafungasha. Nitakuja hata kama hutaki kuniona. Nitakaa kwa shangazi. Niandikie neno moja tu: njoo, au usije.

Scolastica


Mishamo, 9 Agosti 2024

Scolastica,

Amahoro. Mimi mzima. Simu iliangukia majini kisimani, sikuwa na hamu ya kuitengeneza.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa nimekusamehe. Nilikuwa nafanya ulilotaka, lakini sikuwa nimekusamehe. Vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, nimeviona. Barua yako niliifungua siku ya tatu.

Jumapili ya tarehe ishirini na moja, ibada ilipokwisha, nilimwomba katekista nafasi ya kusema. Watu walikaa tena. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema: "Ile miche niliyowapa ni migonjwa. Haina dawa. Vikonyo nilivikata mimi mwenyewe, huko mbali, bila ruhusa. Binti yangu hajui kitu."

Makarius akainuka kwenye benchi la nyuma. "Mzee Rénovat, ulivikata wapi?"

Nikasema Morogoro.

"Lini? Wewe hata Tabora hujafika."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani, mwananje. Nilisimama pale watu wakinicheka, na nikaona naweza kuuacha ule utani uwe utani, nirudi nyumbani. Mlango ulikuwa wazi.

Ndipo nikasema tena, pole pole. Kwamba ni wewe uliyevikata ukiwa mgeni wa masomo, ukitaka kunifurahisha. Kwamba ulipojua ukaomba majani, na mimi nikayachuma kwenye mti huu hapa nje, nikatuma ya uongo. Nikamtazama Makarius nikamwambia, "Siku ile uliyouliza kama namtumia mboga."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alichukua kofia yake akatoka. Mkewe akamfuata. Wengine walibaki wakauliza maswali, wengine wakaniambia mambo ambayo sitayaandika. Shangazi yako alilia, halafu akauliza kama aikate kwa panga au aing'oe na mizizi. Nikamwambia na mizizi.

Jumatatu alfajiri nilisikia jembe upande wa kwa Makarius. Nikachukua langu nikaenda. Alikuwa kwenye mstari wa kwanza, ameng'oa mitano. Nikasema, "Hodi." Hakuitika. Nikaenda mwisho wa mstari, upande wa pili, nikaanza kung'oa nikielekea kwake. Mguu uliniuma mpaka nikapiga goti. Alisimama akaniangalia, akaendelea. Tulikutana katikati saa nne. Mche wa mwisho alikuwa ameushika yeye na mimi nimeushika, kila mtu upande wake, na hakuna aliyeuachia. Tukauvuta pamoja. Akasema, "Nilikuwa nimeshachagua jina la mtoto atakayekula matunda haya." Mkewe ana mimba ya miezi sita, sikujua. Hayo ndiyo maneno yote aliyoniambia mpaka leo.

Tuliichoma hapo hapo. Maofisa walipofika tarehe ishirini na tisa walikuta nyumba kumi na mbili zimeshachoma. Mbili walizifanya wao. Wamechukua majani ya mchungwa wa kanisani pia, na wamekataza kupanda jamii yoyote ya mchungwa au mlimau hapa mpaka watakaporuhusu. Yangu niliikata yote, hata ile milimau ya mbegu niliyoipanda baada ya karatasi ya uraia. Sikumwachia mtu kuikata. Usiniulize habari ya hilo.

Shamba limebaki jeupe. Juzi mzee Lyamba kutoka Kabungu amepita akauliza nitaweka nini. Nikamwambia sijui, ninasubiri mtu anayejua. Akauliza, "Huyo huyo?" Nikamwambia huyo huyo. Akatikisa kichwa, sikuelewa ni kwa kukubali au kwa kunisikitikia.

Sasa neno ulilotaka. Njoo.

Lakini usifikie kwa shangazi, na kwangu usifikie kwanza. Mwambie Osward akushushe kwa Makarius. Usimbebee zawadi. Usimwandikie, hataki maandishi, wala usinitume mimi. Simama uani kwake useme mwenyewe, kwa mdomo, ulichokata na ulivyokikata. Akikufukuza, uondoke kwa adabu, urudi kesho yake. Mwaka wako wa kusimamishwa ni mrefu, zipo siku za kutosha.

Ukimaliza, vuka barabara uje nyumbani. Uji utakuwepo.

Baba yako,
Rénovat